Gumzo la Kikundi cha Familia: Mama Pacha Anahamia Mji wa Bahari

Mama Pacha: Shikamooni wakubwa wangu, na nyote wengine hamjambo. Nimepokea barua ya kazi kutoka hospitali ya mji ule wa kando ya bahari, katika wodi ya watoto wachanga, na wanasubiri jibu langu kabla ya mwisho wa mwezi. Mimi na Baba Pacha tunaelekea kukubali. Kabla hatujasaini mkataba tunaomba ushauri wenu, hasa kuhusu makazi, kwa sababu tumepata nyumba mbili: moja iko hatua chache kutoka majini, na nyingine iko kilimani, nyuma ya hospitali.

Mjomba: Marahaba mpwa wangu, na hongera sana. Ningependa kwanza kufahamu jambo la usajili. Barua ya kazi haikupi ruhusa ya kumhudumia mgonjwa hata mmoja, ikiwa mamlaka inayosimamia wauguzi huko haijakuandikisha. Je, umekwisha kuomba?

Mama Pacha: Nimeomba, Mjomba. Baraza linalonisimamia sasa linapaswa kulipelekea baraza la huko uthibitisho kwamba leseni yangu ni hai na sina shauri lolote la kinidhamu, na barua hiyo hutumwa moja kwa moja bila kupitia mikononi mwangu. Sitaandika barua ya kuacha kazi hadi nipate namba ya usajili. Kadi ya chanjo ya homa ya ini aina ya B nimeitafuta na kuipata, ikiwa na dozi zote tatu, pamoja na majibu ya kipimo cha kinga.

Binamu Tabibu: Hapo umefanya vizuri, dada. Mimi nimefanya kazi katika mji wa aina hiyo, kwa hiyo nitasema wazi kuhusu nyumba. Msiikague siku yoyote tu. Ikagueni wakati wa bamvua, yaani siku bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, na mfike hapo saa ile maji yanapojaa kabisa. Wakati wa maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, kila nyumba ya ufukweni inaonekana salama na barabara yake inaonekana kavu. Siku ya bamvua ndipo mtakapojua kama maji yanaingia uani, na kama gari linaweza kupita kwenda kazini.

Baba Pacha: Shemeji, asante. Nilikwenda kuiona mara moja, na kwa kweli mandhari yake ilinivutia. Kuna alama gani nyingine ninazopaswa kuziangalia?

Binamu Tabibu: Sogeza kabati mbali na ukuta, uangalie nyuma yake na chini karibu na sakafu. Ukiona rangi imevimba na kubambuka, na unga mweupe wa chumvi unatoka ukutani ukiugusa, basi unyevu umekwisha kupanda. Angalia pia bawaba za madirisha na misumari ya paa, maana hewa ya chumvi hula chuma upesi. Nalisema hili hasa kwa ajili ya Kulwa, mmoja wa pacha wenu, ambaye ana pumu: ukungu wa ukutani ni miongoni mwa mambo yanayoamsha pumu, na mtoto analala chumba hicho kila usiku.

Shangazi: Mimi hofu yangu ni nyingine, nanyi mniwie radhi nikiizungumza kwa urefu. Mama Pacha atakuwa na zamu za usiku. Atarudi asubuhi, atafunga mapazia na kulala hadi alasiri, na hiyo ni haki yake, kwa sababu muuguzi asiyelala ni hatari kwa wagonjwa na kwake mwenyewe njiani. Baba Pacha atakuwa kazini. Watoto wana miaka minne, wameijua njia ya mlangoni, na nje ya mlango kuna bahari. Katika saa hizo, ni nani atakayekuwa macho?

Mama Pacha: Shangazi, hilo ndilo linaloninyima usingizi hata kabla ya kuhama. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Watu hudhani kwamba mtoto anayezama atapiga kelele na kurusha mikono, tutamsikia, tutakimbia. Mara nyingi hapigi kelele yoyote, kwa sababu kinywa chake kiko majini na pumzi yote anaitumia kutafuta hewa. Mtu mzima anaweza kuwa karibu kabisa, ameinamia simu yake, asijue. Kwa hiyo sitakubali mpango wowote unaosema kwamba mama yupo ndani. Mama aliyelala baada ya zamu ya usiku hayupo.

Baba Pacha: Nakubaliana na mke wangu. Nimezungumza na mwajiri wangu kuhusu kuanza kazi mapema na kutoka mapema, lakini bado kutakuwa na pengo la asubuhi katika siku anazotoka zamu.

Mjomba: Nami niongeze jambo linalohusu dhoruba. Watu wa kawaida wakitangaziwa kuhama, huchukua watoto wao na kuondoka. Wewe utaitwa kazini saa hiyohiyo. Kimbunga Sandy kilipopiga New York mwaka 2012, hospitali moja kubwa iliyo kando ya maji ilipoteza umeme wa akiba, na wafanyakazi wake wakawateremsha wagonjwa takriban 300 kwa ngazi usiku, wakiwemo watoto wachanga. Waulize waajiri wako jenereta iko orofa ipi na tangi la mafuta yake liko wapi, na kama wafanyakazi hulala hospitalini wakati wa dhoruba. Kisha mwamue leo ni nani atakayewachukua pacha na kuelekea wapi.

Mama Pacha: Jenereta niliulizia, Mjomba, kwa kuwa katika wodi yangu mtoto anayepumulia mashine hawezi kusubiri. Iko orofa ya juu, lakini tangi la mafuta sikuliuliza, nami nitaliuliza kesho. Kuhusu dhoruba, Baba Pacha ndiye atakayeondoka na watoto bila kunisubiri, hata kama simu yangu haipatikani. Tumeliafiki hilo, ingawa lilikuwa zito kulisema.

Binamu Tabibu: Hapo nyumba ya kilimani inajieleza yenyewe. Iko juu, na hakuna daraja kati yake na hospitali. Daraja likifungwa, muuguzi aliye ng'ambo hafiki zamu, na aliyemaliza zamu harudi kwa wanawe.

Shangazi: Basi mimi nitakuja kukaa nanyi miezi mitatu ya mwanzo, hadi mpate mlezi mnayemwamini. Nina sharti moja: watoto waanze kufundishwa kuogelea, na wazazi nao wajifunze, kwa sababu hata mimi sijawahi kuwaona mkiogelea.

Mama Pacha: Ahsante sana Shangazi, Mungu akuzidishie. Sharti tumelipokea sote wawili. Tutawafundisha pia kutoingia majini bila mtu mzima aliye karibu kiasi cha kumshika mkono. Nasi wakubwa tutajifunza kwamba anayevutwa na mkondo kwenda kina kirefu asipambane nao kurudi ufukweni, bali aogelee sambamba na ufuko hadi autoke.

Baba Pacha: Nimemwandikia mwenye nyumba ya ufukweni kwamba hatuichukui. Bamvua ijayo nitakwenda kuikagua ile ya kilimani, pamoja na barabara yote hadi lango la hospitali, na nitasogeza kila kabati. Binamu, kama una nafasi siku hiyo, tafadhali tufuatane.

Binamu Tabibu: Nitakuwa nimetoka zamu ya usiku. Nikilala hadi alasiri, tutaondoka pamoja jioni na kuyakuta maji yakiwa bado yanajaa.