Mrejesho: mafunzo ya uzingativu kwa aliyeumizwa utotoni

Ndugu zangu, hapo awali niliwauliza kama mafunzo ya uzingativu (mindfulness), yaani mazoezi ya kuelekeza fikra kwenye yale yanayotukia sasa hivi bila kuyahukumu, yangenifaa mimi, mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Mombasa niliyekulia katika nyumba ya vipigo na ulevi. Nawashukuru kwa ushauri wenu. Nimekamilisha majuma 8, kwa utaratibu ambao Jon Kabat-Zinn aliuanzisha Marekani mwaka 1979.

Juma la pili nilikaribia kuacha, kwani kila nilipofumba macho na kufuata pumzi, kifua kilinibana na kishindo cha mlango uliokuwa ukibamizwa usiku kikanirudia kana kwamba ningali mtoto wa miaka 7. Mshauri wangu, Mola amjalie kheri, alinieleza kwamba kwa aliyeumizwa utotoni si lazima pumzi iwe ndiyo nanga ya fikra, hivyo nikaanza kukaa macho wazi, nyayo zikiwa sakafuni, nikisikiliza honi ya feri ya Likoni. Hapo ndipo mazoezi yalipoanza kunikubali.

Usingizi haujatengemaa kikamilifu, na ushauri nasaha nauendeleza, maana mazoezi haya hayachukui nafasi yake; lakini mhadhiri anapopaza sauti, sasa nahisi mapigo ya moyo yakipanda, nayatambua, nami nabaki kitini.