Nataka kuwa mtunza makumbusho wa sanaa ya China, nianzie wapi?

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Nimemaliza digrii ya akiolojia pale Mlimani, saivi najitolea kwenye makumbusho moja hapa Dar. Kilichonishika ni kauri za China. Ukienda kwenye yale makaburi ya nguzo Kunduchi unakuta mashimo ya duara, hapo palikuwa na mabakuli yamepachikwa watu wakayang'oa, unabaki unajiuliza yalitoka tanuru gani na yalifikaje huku, na hapa wa kumuuliza humpati, kila mtaalamu unayetajiwa yuko London au Beijing. Mimi nataka niwe huyo mtu wa kuulizwa. Mzee nyumbani anasema sanaa ya China waachie Wachina wenyewe, katafute ualimu. Masta nikasome wapi?

Mchimbaji
Mdogo wangu, kabla ya masta anza lugha, bila Kichina utakuwa unasoma tu alichoandika mwingine. Ufadhili wa serikali ya China unatangazwa kila mwaka, kozi zinazofundishwa kwa Kichina wanataka cheti cha HSK, ule mtihani wa lugha yao, jipange mapema.

Binti Mvita
Lugha sawa ila mkono usibaki nyuma. Njoo Mombasa, Fort Jesus kuna vitu vya ile meli ya Wareno Santo António de Tanna iliyozama hapo mbele ya ngome 1697, na vya Gede, ule mji wa kale alikochimba mwanaakiolojia Kirkman kuanzia 1948. Omba ruhusa uvishike vigae, usiishie kuchungulia kwenye kioo. Geuza kitako usome alama, lakini usiiamini peke yake manake enzi za mfalme Kangxi (1662-1722) mafundi waliandika sana jina la mfalme Chenghua aliyetawala kama miaka 200 nyuma huko, kwahiyo kama hujui udongo, rangi na kitako kilivyokatwa utapigwa mchana kweupe. Hayo macho huyapati darasani.

Kaka Tanga
Mzee hajakosea kuogopa, nafasi ni chache sana na makumbusho makubwa ya Marekani wengi wanataka PhD. Halafu ujue kazi yenyewe nusu ni makaratasi, kufuatilia kitu kilitoka kwa nani na kilivuka mpaka lini, mkataba wa UNESCO wa 1970, ule wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni, uujue vizuri. Chuo cha SOAS pale London wana diploma ya sanaa ya Asia, unafundishwa kwa kushika vitu vyenyewe, ila ada inauma. Mimi ningekushauri usiache vigae vya pwani, wanaojua China wapo wengi, wanaojua China na Kilwa kwa pamoja wanahesabika.

Mleta mada
Asanteni sana, hii ya Kilwa imenipa nguvu. Da Binti Mvita, ruhusa naomba kwa barua ya chuo au ya hapa ninapojitolea?

Binti Mvita
Ya hapo unapojitolea mdogo wangu, iwe na muhuri. Na utaje kabisa unataka kuona nini, mfano zile kauri za kijani za kutoka Longquan, China, wasije wakakutembeza kama mtalii.