Tupeane uzoefu: upasuaji ulioahirishwa kwa sababu ya damu kidogo

Habari zenu ndugu. Mdogo wangu alipangiwa kutolewa uvimbe kwenye kizazi hapa Mwanza. Tulishachangishana, mama akavuka na feri ya Kamanga kutoka Sengerema aje kumuuguza. Asubuhi ya upasuaji kipimo cha wingi wa damu (hemoglobini) kikasema 7.8, yaani ndogo mno. Tukarudishwa nyumbani na vidonge vya madini ya chuma. Daktari alieleza vizuri kwamba hedhi nzito ndiyo inayommaliza, na kumpasua hivyo ni hatari. Kinachoniuma ni kwamba angepimwa mwezi mmoja kabla, muda tungekuwa nao. Waliopitia haya mlifanyaje?

*Mvuvi wa Kirumba*
Mimi ilikuwa ngiri, damu 9. Nesi akaniuliza kazi, nikamwambia nashinda ziwani. Wakapima choo: kichocho na safura, minyoo wanaonyonya damu tumboni. Nikapewa prazikwanteli, albendazo na vidonge vya madini ya chuma. Baada ya miezi miwili nikafika 12.4, nikapasuliwa bila kuongezewa hata chupa moja. Nyumbani walikuwa wananijaza juisi ya rozela, kumbe safura wanaendelea kuninyonya.

*Mama wa Nyakato*
Pole sana dada. Mwambie asishtuke choo kikiwa cheusi, ni vile vidonge. Mimi nilivimeza na chai ya rangi kila asubuhi, wiki tatu damu haikupanda. Mfamasia ndiye aliyeniambia chai inazuia chuma kuingia mwilini. Nikahamia maji na chungwa. Tumbo liliposumbua, daktari akaniruhusu nimeze siku moja, niruke moja.

*Niko wodini*
Ukipewa tarehe tu, uliza mambo mawili: damu ni ngapi, na inapotelea wapi? Muda ukiwa mfupi ipo dripu ya chuma, ingawa bei yake inauma. Ila msinunue vidonge kiholela. Huku Kanda ya Ziwa wenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu) ni wengi, na upungufu wao wa damu kwa kawaida hautokani na kukosa chuma.

*Mleta mada*
Asanteni mno. Tumerudi kliniki, amepewa na dawa ya kupunguza hedhi. Chai tumeihamishia jioni. Leo wiki ya tano, damu 10.1. Tarehe mpya bado, lakini mama amekataa kurudi Sengerema mpaka mwanawe atoke chumba cha upasuaji.