Bima ya safari ya Ufaransa: ile rahisi ya viza ao ile ya michezo ya theluji?

Kijana_Kamalondo
Wakubwa, jambo. Mwezi wa pili ninaenda Ufaransa kwa baba mdogo, na amenilipia tayari mchezo mmoja wa barafu. Dosié ya viza naiweka juma lijalo. Ajansi moja ya hapa Lubumbashi inanipa bima ya kawaida ya Schengen (ile viza ya nchi nyingi za Ulaya), ya euro 30,000. Nyingine ni ya kwenye intaneti, bei karibu mara tatu, imeandikwa "sports d'hiver". Nichukue gani?

Mama Béa
Mchezo gani, mwanangu? Utakaa muda gani? Pale kuna ski, ile ya mbao ndefu miguuni, kuna kuteleza na viatu vya chuma, kuna kupanda maporomoko yaliyoganda. Sema kwanza.

Kijana_Kamalondo
Samahani mama. Ni bobsleigh, kigari kinachoteleza kwenye njia ya barafu, kule La Plagne milimani, kwenye njia iliyojengwa kwa Olimpiki ya Albertville ya 1992. Unakaa nyuma ya dereva wa kazi, munashuka kwa mwendo unaopita kilomita 100 kwa saa.

Papa Kasongo
Chukua ile ya ajansi. Euro 30,000 njo kiasi ambacho ubalozi unataka: matibabu ya haraka, hospitali, kurudishwa nyumbani, hata maiti. Makuta inayobaki ununue koti ya maana.

Yaya Nadège
Papa Kasongo, kwa heshima yote, hapana. Ile bima inafungua mlango wa viza, basi. Mtoto wa dada yangu alivunjika mguu kwa kigari cha theluji huko Ulaya. Walimshusha kwa helikopta. Ajansi iliyomuuzia ilikuwa imemwambia "inafunika yote". Tukatuma fatire, tukangoja, barua ikarudi na mstari mmoja umepigwa kalamu ya njano: "luge, bobsleigh, skeleton", ni kusema vigari vyote vya kuteleza, havihusiki. Mstari ule ulikuwa ndani ya kontra tangu siku ya kwanza, ukurasa wa nyuma, herufi kama mchanga. Familia ikachanga, dada akauza frigo yake ya biashara. Na sikiliza Kijana: hata hizo za "sports d'hiver" nyingi zinalipa ski, halafu zinatoa bobsleigh nje. Usilipe mara tatu kwa ajili ya jina.

Kijana_Kamalondo
Hiyo sikuiwazia kabisa. Baba mdogo anasema huko wanauza Carré Neige, bima ya ski, pamoja na tiketi ya ski.

Ir_Patrick
Carré Neige ni nzuri kwa ski, maana Ufaransa ukiokolewa kwenye njia za ski, komini inaweza kukutumia fatire. Ila wewe hauendi ski. Baba mdogo aulize wenye njia ya bob: bima yao inamfunika abiria ao dereva tu? Jibu liwe kwa maandishi.

Papa Kasongo
Wakati wa SONAS peke yake, ile kampuni ya bima ya serikali yetu, haya yote hayakuwako.

Ir_Patrick
Papa, wakati ule haukuwa na pa kuchagua! Sheria ya 2015 ya hapa Kongo njo ilifungua soko la bima. Leo unaweza kukataa kontra na kwenda mlango wa pili.

Papa Kasongo
Kuchagua kati ya nani na nani? Wote wanakimbia siku ya kulipa.

Commerçante_Kenya
Lakini kwa nini Ulaya? Sisi tunaoenda kutafuta mali Dubai, Ski Dubai, pa kuteleza juu ya theluji, iko ndani ya duka kubwa la Mall of the Emirates, bila Schengen.

Ir_Patrick
Ao Lesotho, pa ski panaitwa Afriski, mwezi wa sita mpaka wa nane. Lakini bobsleigh haiko.

Mama Béa
Kijana, haujasema: bima inaanzia siku ya kupanda ndege Luano, ao ya kufika?

Kijana_Kamalondo
Ninaangalia, mama. Nimeandikia ile ya intaneti kuwauliza neno "bobsleigh" tu. Hawajajibu.

Commerçante_Kenya
Koti niko nazo mbili za saizi kubwa, zimetoka Dubai. Uko na urefu gani?