Prius inachemsha mlima wa Marangu, fundi anataka kuunga feni dairekti. Naombeni ushauri

Njiro_Juu: Habari zenu wakuu. Nina Prius ya 2012, injini ya 1.8, hapa Arusha mjini haina shida kabisa, ila nikienda nyumbani Marangu, ile nikishaiacha Himo nikaanza kupandisha tu, taa nyekundu ya joto inawaka na gari linakosa nguvu. Nikipaki nikafungua boneti nazikuta feni zimetulia. Kulanti (maji maalum ya kupoza injini) inapungua kwenye kopo lakini chini sioni hata tone. Na asubuhi injini ikiwaka inatetemeka vibaya kidogo halafu inatulia. Fundi anasema tutoe thamostati (ile vali inayofungulia kulanti iende kwenye rejeta) na feni tuziunge dairekti zizunguke muda wote. Nyuma nabeba watoto, naogopa sana. Nimkubalie?

Kijenge_Chini: Usikubali mkuu! Hiyo thamostati inafunguka karibu nyuzi 82, ukiitoa injini haipati joto lake, na haibridi (gari la injini na mota ya umeme kama lako) injini isipopata joto haizimiki kirahisi, kwahiyo mafuta yatakwenda na ile faida uliyoinunulia gari hutaiona. Kwanza washa AC gari likiwa limepaki uangalie feni. Zikizunguka, mota na fyuzi ni nzima, tafuta kwingine.

Spana_Moshi: Hiyo injini wota pampu yake haina mkanda, ni ya umeme, na hapo ndo mafundi wengi wanapotea. Pampu ikichoka kulanti haizunguki, feni hata zikizunguka zinapoza rejeta ambayo haijaletewa maji ya moto. Likishapata joto gusa kwa uangalifu mipira miwili ya rejeta, wa juu ukiwa unaunguza na wa chini wa baridi ujue hakuna mzunguko, ni pampu au thamostati imeganda. Pima na mashine ya kusoma hitilafu, ukikuta kodi P261B ni pampu ya injini au waya zake. Af ukiongeza kulanti angalia kopo, inveta (kifaa cha umeme wa mota) ina kopo lake na pampu yake, watu wanajaza lisilohusika.

Dada_wa_Usa: Naongezea, usijaze maji ya bomba. Arusha tuko mita kama 1,400, maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kinachoyazuia ni presha, kwahiyo mfuniko ukilegea tu yanachemka mapema na kumwagika. Angalia mpira wa huo mfuniko.

Njiro_Juu: Asanteni sana jamani. Nimewasha AC, feni zote mbili zinazunguka vizuri. Nikaenda kupima, mashine imetoa P261B hiyo hiyo! Naagiza pampu. Ina maana feni haina kosa?

Spana_Moshi: Feni iache kama ilivyo. Ila ndugu yangu, ule mtetemo wa asubuhi pamoja na kulanti kupotea bila tone chini mimi siupendi, ni dalili ya gasketi ya silinda hedi kupitisha kulanti ndani ya silinda usiku. Kabla hujalipia pampu mwambie wafunge presha kwenye mfumo wa kulanti jioni waiache mpaka asubuhi, kisha watoe plagi waingize kamera, silinda yenye maji utaiona imeoshwa inang'aa wakati zenzake ni nyeusi. Pia afungue kipoza cha EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini), hizi injini kinaziba masizi, na ukibadilisha gasketi ukakiacha hivo hivo utarudi gereji.

Kijenge_Chini: Na kwenye kutoa hewa baada ya kufunga pampu asikurupuke. Injini lazima iwake mfululizo, na hii inajizima yenyewe. Swichi iwe oni bila kuwasha gari, kanyaga mafuta mpaka mwisho mara mbili gia ikiwa P, mbili ikiwa N, mbili tena ikiwa P, yote ndani ya dakika moja, ndo uwashe. Hita iwe moto wa mwisho, mnaongeza kulanti taratibu mpaka mapovu yaishe.

Njiro_Juu: Nimewaelewa. Kesho jioni nalilaza gereji wafunge presha, Marangu safari hii tunapanda Noah.