Tupeane uzoefu: siku zako za kwanza kazini kwenye kituo cha mbwa waliookolewa

Mgeni wa Entebbe
Ndugu zangu, Jumatatu naanza kazi kwenye kituo kinacholea mbwa waliotupwa, huku njia ya Entebbe. Mbwa niliyewahi kuishi naye ni mmoja tu, wa baba kule Tororo: mchana mnyororoni, usiku anafunguliwa alinde. Sasa nakabidhiwa zaidi ya 30. Mliopita njia hii, mlianzaje? Nipeni hasa yale ambayo bosi hasemi siku ya kwanza.

Mama wa Busia
Karibu mwanangu. Kabla hujagusa mbwa yeyote, nenda ukachanjwe kichaa cha mbwa. Mimi sikuchanjwa, na siku ya nne niliumwa. Boda alileta mbwa jike kwenye gunia, nikaingiza mkono kumtoa. Akanipata hapa chini ya kidole gumba. Mwenzangu alinivuta hadi bombani, akanisugua kwa sabuni maji yakitiririka, jicho lake kwenye saa, dakika 15 kamili. Nikaona ananitesa bure. Hospitali ndiko nilikoelezwa kwamba virusi vimo kwenye mate, na kwamba ugonjwa ukishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Nikachomwa sindano siku ile, ya 3, ya 7 na kuendelea. Yule jike alitengwa siku 10 akitazamwa, na siku ya 11 alikuwa anakula vizuri tu. Hakuwa na kichaa, alikuwa na hofu.
Gunia likija, lilaze chini, fungua mdomo wake, kisha sogea pembeni. Atatoka mwenyewe.

Kijana wa Bombo
Kwetu shida ilikuwa nyumbani. Mama aliniuliza, "Na swala utaswali vipi?" Kwa wiki nzima sikupewa sahani ya pamoja. Nikaenda kwa shehe wetu. Akanikumbusha hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe. Kisha akanipa utaratibu: palipoguswa na mate paoshwe mara saba, moja kwa udongo. Sasa nguo za kazi zinabaki kituoni, naoga hapo hapo, narudi na kanzu safi. Mama siku hizi huniuliza mbwa wamelalaje.

Fundi gambuti
Nitaandika kwa kirefu kwa sababu hili bado linaniuma.
Nilipewa watoto wa mbwa sita waliookotwa mtaroni. Mmoja akaanza kutapika, halafu akaharisha damu yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau tena. Daktari akasema parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Nilikesha naye, nimemshikia mguu ili dripu isichomoke. Mguu wenyewe mwembamba kama penseli. Alfajiri nikainuka, na gambuti zile zile, nikaenda kuwapa uji wale watano. Hakuna aliyenizuia. Baada ya siku tano wengine watatu wakaanza. Tulizika wanne, chini ya mwembe.
Virusi hivyo hukaa kwenye udongo na sakafu miezi mingi, na sabuni ya kawaida haiviui. Ondoa kinyesi kwanza, kisha mwaga jiki, kipimo 1 kwa 30 vya maji, uiache dakika 10. Anza na wazima, wagonjwa wawe wa mwisho, na chumba cha wagonjwa kiwe na gambuti zake. Kingine: chanjo ya watoto si sindano moja. Huanza kwenye wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wafikishe wiki 16. Atakayekuambia "huyu alishachanjwa", muulize mara ngapi.

Mpishi wa posho
Posho (ugali) na mukene (dagaa), sawa, lakini mukene ioshwe mpaka mchanga uishe. Kitunguu usitie hata kidogo, kinaharibu damu ya mbwa. Na kupe watazame katikati ya vidole na ndani ya masikio.

Wa Gulu
Huku tuna Comfort Dog Project, ulioanzishwa na Francis Okello Oloya, aliyepofushwa na bomu akiwa na miaka 12. Mbwa waliotelekezwa wanatibiwa, wanafunzwa, wanakabidhiwa watu waliojeruhiwa moyo na vita. Niliwahi kuona mzee ambaye hakuwa akiongea na mtu akimwita mbwa wake kwa jina. Kwa hiyo usimhesabu mbwa mwoga kama hasara.

Mgeni wa Entebbe
Asanteni sana, mama na wenzangu. Narudi baada ya wiki. Jumatatu nilichanjwa kabla ya kuingia. Kuna mbwa mwekundu, sikio limekatika nusu, aliyeishi nyuma ya tangi la maji. Ukimtazama tu anakojoa. Kila jioni nilikaa chini mita tatu hivi, nimempa ubavu, macho yangu kwenye simu, mukene chache zimewekwa kando. Nikiwepo hakuzigusa, asubuhi nakuta zimeisha. Jana nikasikia anatafuna. Sikugeuka. Akamaliza, akaninusa kisigino, akarudi tangini.
Sindano ya pili ni kesho.