Njia ya gari ya zege imechakaa: niivike tabaka jipya au nivunje nimwage upya?

Jamvi_Kuu (mleta mada):
Habari wakuu. Nina njia ya gari ya zege, urefu mita 12 na upana mita 3.5. Uso umelika, kokoto zinaonekana, kuna sehemu ukifagia zinatoa vumbi, na kuna nyufa kadhaa. Fundi wa kwanza anasema vunja yote. Wa pili anasema piga lipu ya milimita 20 juu yake, kazi imekwisha. Natakiwa kuamua kabla ya kununua vifaa. Ipi bora?

Pimamaji:
Mkuu, hapo bado hujatupa cha kujibia. Zege lina unene gani? Nyufa zina upana gani, na pande mbili za ufa ziko usawa mmoja au upande mmoja umezama? Chini kuna mawe yaliyoshindiliwa au udongo mtupu? Kizingiti cha gereji kiko juu ya zege kwa kiasi gani? Gari dogo ndilo linalopita au na lori la mchanga?

Nondo_12:
Vunja. Tabaka jembamba haliongezi nguvu ya zege, linaficha tu. Ukivunja unaona udongo wa chini, unaweka kifusi cha mawe milimita 150 na kukishindilia kwa matabaka mawili, unatandika nailoni, unaweka wavu wa chuma juu ya vipande vya kuuinua, kisha unamwaga milimita 100. Eneo lako ni mita za mraba 42, kwa hiyo zege ni mita za ujazo 4.2. Kwa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) ni mifuko 27 hivi ya saruji ya kilo 50, bado upotevu. Likipita lori, panda hadi milimita 150.

Mwiko_Mpana:
Nondo, uso kulika si sawa na zege kufa. Vumbi maana yake maji yalizidi kwenye mchanganyiko wa mwanzo, au uso ulisuguliwa maji yakiwa bado yameelea juu, au haukumwagiliwa baada ya kukauka. Ugonjwa huo mara nyingi uko kwenye milimita chache za juu, chini yake zege ni zima kabisa. Kwa nini uchimbe mita za ujazo nne za zege zima?

Mleta mada, chukua nyundo ugonge kila baada ya hatua moja. Mlio mkali, zege zima. Mlio wa kitu chenye uwazi, weka alama ya chaki. Ramani ya chaki ndiyo itakayokujibu.

Na hiyo lipu ya milimita 20 ya mchanga na saruji tupu ndiyo ninayoikataa kwa nguvu zote. Ni nene kiasi cha kusinyaa na kuinua kingo zake, na ni nyembamba mno kubeba tairi linalogeuka. Nje, chini ya gari, chagua moja kati ya mawili: mchanganyiko wenye polima (kiungo cha aina ya plastiki kinachousaidia kushika), milimita 3 hadi 10, au zege halisi lenye kokoto ndogo za milimita 10, unene milimita 50, lililogandishwa kwenye zege la zamani.

Jamvi_Kuu:
Asanteni. Ukingoni nimepima milimita 100. Nyufa tatu, mmoja sarafu inaingia. Kizingiti kiko juu kwa milimita 30. Ni gari dogo tu. Chini sijui kuna nini.

Pimamaji:
Hujajibu la usawa, na ndilo kubwa kuliko yote. Weka rula ndefu kuvuka ufa. Ikicheza, upande mmoja umeshuka, na hapo tatizo liko kwenye udongo. Hakuna kitu cha kupaka juu kitakachouzuia. Kwa nyufa zilizo sawa, bandika jasi kidogo juu yake mahali pakavu uandike tarehe. Jasi likipasuka, ufa bado unatembea.

Halafu milimita 30 za kizingiti zinaifuta hesabu ya milimita 50, labda ukate zege la zamani lishuke kidogo mbele ya gereji, tabaka lizame humo. Usijaribu kulinyoosha tabaka liishie kama wembe, ukingo huo utamomonyoka. Maji nayo lazima yaondoke kwenye mlango, milimita 20 kwa kila mita.

Kokoto_Nusu:
Niweke hapa mfano wa kazi iliyoharibika, maana makosa yote yalikutana mahali pamoja. Ilikuwa sehemu ya kuegesha magari, tabaka la milimita 25 juu ya zege la zamani. Uso ulioshwa kwa mpira wa maji tu. Madoa ya oili yakaachwa. Gundi nyeupe ya mbao, PVA, ikapakwa asubuhi, lipu ikaja mchana gundi imeshakauka ngozi. Maungio ya zege la zamani (mistari inayotenganisha vipande vyake) yakafunikwa kana kwamba hayapo. Jua kali na upepo, na hakuna aliyefunika wala kumwagilia.

Wiki chache baadaye nyundo ilikuwa inalia uwazi karibu kila mahali. Nyufa zikatokea, na zilifuata maungio ya chini kwa mstari ulionyooka. Mvua ilipoingia, gundi ile ikalainika tena, maana PVA ya kawaida hurudi kuwa ute ikilowa. Matairi yakaanza kung'oa vipande vikubwa. Ukigeuza kipande, mgongo wake ulikuwa laini na safi, haujabeba hata chembe ya zege la zamani. Hiyo ndiyo alama kwamba halikushika tangu siku ya kwanza. Liking'oka likiwa limebeba zege la chini, basi gundi ilishika, zege la chini ndilo dhaifu. Wengi hawaangalii mgongo wa kipande, wanalaumu saruji.

Tindo:
Ndiyo maana mimi huosha kwa asidi. Asidi ya haidrokloriki sehemu 1 kwa maji sehemu 10, asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si kinyume. Inatoa povu, inakula ngozi dhaifu ya saruji iliyo juu, unaosha mpaka povu linaisha.

Mwiko_Mpana:
Tindo, asidi haili oili hata kidogo. Na usipoiosha ikaisha, chumvi zake zinabaki kati ya zege na tabaka. Penye nondo zilizo wazi inaamsha kutu. Ondoa oili kwanza kwa sabuni kali na brashi, kisha tumia grenda yenye diski ya almasi, au mashine ya maji ya presha ya psi 3,000 na zaidi. Unataka uso wenye makwaruzo kama msasa mnene. Grenda itumike na maji ili vumbi lisiruke, na barakoa iwe ya kweli. Vumbi la zege linaharibu mapafu.

Jaribio la mwisho: dondosha maji. Yakinyonywa ndani ya dakika moja, uso uko tayari. Yakikaa shanga, kuna nta, rangi au oili.

Kisha lowesha zege usiku kucha. Asubuhi liwe limeshiba lakini bila maji yaliyotuama. Sugua ute wa saruji na SBR (gundi ya majimaji ya mpira, ya kuchanganya na saruji) kwa brashi ngumu, umwage juu yake ute ukiwa bado mbichi. Ukikauka, usiongeze mwingine juu. Kwangua uanze tena. Fanya kipande kati ya ungio na ungio, na kila ungio la zamani lirudiwe juu, mahali palepale, kwa kina chote cha tabaka. Ule ufa wa sarafu utanue kwa grenda, ujaze kwa epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili), lakini baada tu ya kuhakikisha hautembei. Malizia kwa fagio gumu, mistari ikikata njia ya gari, isiteleze.

Nondo_12:
Na kumwagilia siku 7, musisahau.

Mwiko_Mpana:
Zege la kawaida ndiyo, siku 7 chini ya magunia yenye maji. La polima, soma mfuko: mengi yanataka unyevu siku ya kwanza tu, kisha yakauke ili polima ifunge. Ukilowesha wiki nzima unalidhoofisha.

Tindo:
Na rangi ya kupaka juu baada ya hapo? Nimeona zile za kung'aa.

Pimamaji:
Rangi inayofanya ngozi juu ya zege la nje hubabuka unyevu ukipanda kutoka chini. Dawa inayozama na kuzuia maji ndiyo afadhali. Lakini tumetoka kwenye mada. Jamvi_Kuu, nyundo imesemaje?

Jamvi_Kuu:
Nimegonga. Kote mlio mkali isipokuwa karibu na gereji, kama mita 2 za mraba, na ule ufa mpana uko hapohapo. Rula inacheza milimita 6. Bomba la maji ya paa linashukia pembeni yake.

Kokoto_Nusu:
Maji ya paa yanachimba udongo. Hamisha bomba kwanza, vinginevyo hata zege jipya litakaa juu ya shimo.

Mwiko_Mpana:
Kata kipande hicho kwa mraba, kutoka ungio hadi ungio, shindilia mawe, mwaga milimita 100, unganisha na zege la zamani kwa vyuma laini (visivyo na meno) vilivyopakwa grisi upande mmoja. Kwingine kote vika polima.

Nondo_12:
Hujui maji yamefika wapi chini. Nyundo inasikia uwazi ulio karibu tu. Mimi ningetoboa matundu mawili matatu nje ya chaki, nichomeke waya, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa polima.

Pimamaji:
Matundu nakubali. Kuvunja yote bado sikubali.

Jamvi_Kuu:
Sawa wakuu, nahamisha bomba na kutoboa. Vyuma hivyo vya kuunganisha viwe vya unene gani, na niviweke umbali gani?